Kila Siku Inayopita

Umeme ulikatika mchana, na mkahawa wa chini ya jengo ukajaa watu wa maofisini na kompyuta zao kwapani, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa na jenereta. Soketi iliyobaki nzima ilikuwa moja. Karibu yake alikaa kaka mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, anakunywa chai kama mtu aliyestaafu. Dada mwenye gauni la kijani, viatu mkononi baada ya kushuka ngazi mbio, alisimama mbele yake.

"Kaka yangu, nisaidie hiyo soketi. Kampuni ya simenti inatangaza matokeo sasa hivi."

"Umenunua ipande au ishuke?"

"Vyote viwili."

Kaka akacheka, maana kumbe kazi yao ni moja. Wote walifanya biashara ya mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa. Dada alinunua mikataba ya pande zote mbili: bei ikiruka au ikiporomoka, anavuna, ikitulia, alicholipa kinayeyuka siku hadi siku. Kaka aliiuza mikataba hiyo, akaiwekea bei uzio juu na chini, na nje ya uzio akanunua kinga isije hasara ikammaliza. Bei ikibaki ndani, malipo ni yake, na kila siku tulivu inamnenepesha.

"Mimi simenti hiyo hiyo nimeuza," alisema, akichomoa chaja yake. "Naomba isitikisike."

"Basi sisi maadui."

"Adui hampi mtu soketi."

Simenti iliruka, uzio ukavunjika, dada akalipa chai. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wakipigiana simu hata bila sababu. Dada alimwita kaka Taratibu. Naye akaitwa Cheche.

"Wewe unadonoa kidogo kidogo kama kuku, Taratibu. Siku mwewe akija, shibe ya mwezi mzima inaondoka."

"Na wewe unapoteza kila wiki ukingojea sherehe moja. Haraka haraka haina baraka, mpenzi."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Miaka miwili ikapita hivyo, kwa utani na mabusu. Kisha Cheche akapata kazi katika mji wa mbali, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Alimpigia simu akizunguka chumbani, hawezi kukaa.

"Niende, au nina sababu ya kubaki?"

"Laazizi, haraka ya nini? Tuache kwanza. Mbona tuko vizuri?"

Masikini, alidhani amesema neno tamu. Kwake yeye, siku isiyo na jambo ni siku ya faida.

"Uko vizuri wewe," Cheche alijibu. "Kila siku inayopita wewe unalipwa. Mimi inanila." Akakata simu, na hakuipokea tena.

Ili kuupumbaza moyo, Taratibu alijaribu biashara ya Cheche. Alinunua pande zote mbili za kampuni ya unga. Bei ikalala. Kila asubuhi alikuta mali yake imepungua, na hakuna lolote lililotokea. Akawa hakai, hali chakula, anafungua simu na kuifunga. Dada yake wa kuzaliwa naye, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta sebuleni na shati lenye mikunjo.

"Kuna msiba?"

"Hakuna kitu. Hakijatokea kitu chochote."

"Sasa mbona umekonda?"

"Ndicho kinachonikondesha, dada. Kungoja." Alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. "Na nimemngojesha mwenzangu miaka miwili."

"Na bado umekaa hapa?"

Ijumaa mchana alibisha mlangoni kwa kina Cheche. Mama mtu alifungua, Cheche akatokea nyuma yake, macho mekundu.

"Nimeshawajibu. Naondoka."

"Sikuja kukuzuia. Nimekuja kuomba unioe, samahani, nikuoe. Nikufuate huko huko."

"Unasema hivyo kwa kuwa umeogopa."

"Nimeogopa sana. Nilidhani utulivu ni wetu sote, kumbe gharama yake ulikuwa ukilipa wewe. Nakupenda, Cheche. Siwezi kungoja tena."

Cheche alimtazama. "Wewe ngoja," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba.

Mama alimkaribisha kiti. Hakukaa. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, jasho likimlowesha kola.

"Mwanangu, mwonee huruma mwenzio," mama aliita.

"Mwache aonje."

Lakini Cheche na kungoja wapi na wapi. Hata chai haijamiminwa, mlango ulifunguliwa.

"Nimekubali," alisema. "Na tarehe naitaja mimi. Kesho asubuhi."

Taratibu akaitazama saa ya ukutani.

"Kwa nini isiwe leo?"