Mashine ya Ribiti na Jicho la Mama Rangi

Kila asubuhi Mama Rangi na mumewe walikaa kazini mgongo kwa mgongo. Mume aliunga masanduku ya bati kwa ribiti, zile pini ndogo za kubania bati. Mke alichora maua na mistari kwenye masanduku yaliyokwisha kuungwa. Chumba kilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini walizoea hivyo tangu walipooana. Walipiga soga kutwa bila hata kuangaliana.

Wateja walimwita mume Chapchap. Naye alilipenda jina hilo kupita kiasi!

Zamani Chapchap alikaza ribiti kwa koleo la mkono. Jioni viganja vilimuuma, hata kushika kijiko ikawa taabu. Kisha akapata mashine ya upepo. Ilishikwa mkononi kama bastola, na mpira wake wa upepo ulitoka kwenye kompresa, mtambo wa kusukuma upepo. Akibonyeza tu, ta! Ribiti imekaa.

Nyuma ya mashine palikuwa na chupa ya plastiki. Kila ribiti ina mkia wa chuma, nao hukatika ribiti ikishakaza. Mikia hiyo ilidondoka ndani ya chupa. Chupa ikijaa, lazima usimame uimwage. Chapchap akaona anacheleweshwa. Akaichomoa.

"Mbona mikia inaruka ovyo?" mkewe aliuliza.

"Nitaifagia jioni," alijibu. "Wewe chora maua yako, mama."

Siku moja Mama Rangi alichora waridi zuri sana. Akageuka amwonyeshe mumewe. "Baba, hebu tazama..."

Ta! Mkia uliruka juu ya bega la Chapchap ukampiga mkewe jichoni.

Hospitali walifanya kila waliloweza. Daktari hakuzungusha maneno. "Jicho la kushoto halitaona tena," alisema.

Waliporudi nyumbani, Chapchap aliinyanyua mashine aitupe jalalani. "Ina shetani hii!" alipiga kelele.

Jirani yao alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mama wa makamo, fundi wa kuunda mabodi ya mabasi. Mtaa mzima ulimwita Shangazi.

"Shetani gani?" alisema. "Lete hapa. Chupa iko wapi?"

Chapchap akamkabidhi mashine.

Kwanza Shangazi alichomoa mpira wa upepo. "Usifungue mashine hii wala kuigusa mdomo kabla ya kuchomoa mpira," alisema. "Sasa sikiliza. Upepo unasukuma pistoni pana humu ndani. Pistoni hiyo inasukuma mafuta kwenye nafasi nyembamba. Hapo nguvu inazidi mara nyingi. Mafuta yanarudisha nyuma taya hizi ndogo. Taya zimeubana mkia wa ribiti, kwa hiyo zinauvuta. Mwili wa ribiti unavimba upande wa pili wa bati, unakaza. Taya zinazidi kuvuta, mkia unakatika. Upepo unautupa nyuma kwa kasi. Haya, niambie, chupa isipokuwepo mkia unakwenda wapi?"



"Mimi najua unakokwenda," alisema Mama Rangi, uso umefungwa bendeji. "Mniulize mimi."

Chapchap alianza kulia.

"Usinililie," mkewe alimwambia. "Nina hasira na wewe. Nilikuuliza, ukaniambia nichore maua."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Chupa ilirudi mahali pake, na Chapchap huimwaga kabla haijajaa. Wote wawili huvaa miwani ya kinga. Meza ya kuchorea imehamishwa mbali, kwenye ukuta wa pembeni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukaa mbele wala nyuma ya mashine. Ikianza kuvuta kwa unyonge, Chapchap halazimishi. Anachomoa mpira, anaangalia mafuta, na yakipungua anaongeza. Masanduku yanakazika vizuri na hakuna aliyeumia tena.

Lakini Mama Rangi bado anataabika. Kwa jicho moja hajui vizuri kitu kiko mbali kiasi gani. Anachovya brashi, inaangukia nje ya kopo. Mistari yake inapinda. Siku nyingine anafuta ua lilelile mpaka anachoka, anakaa tu. Mumewe hathubutu kumwambia pole, maana pole zenyewe zimeshamchosha.

Juzi alikuja fundi mmoja mgeni. Naye ana mashine kama hiyo kwenye karakana yake.

"Chupa ya nini hiyo, bwana?" aliuliza akicheka. "Haikucheleweshi?"

"Inanichelewesha," alijibu Chapchap.

"Sasa nani alikufundisha kuiacha hapo?"

"Kuna jirani yetu mmoja..."

Mama Rangi aliweka brashi chini. "Sema kweli," alisema.

Chapchap aliilaza mashine mezani. "Nilijifunza kwa jicho la mke wangu," alisema.

Mgeni alimtazama Mama Rangi, kicheko kikamwisha. Alisema chupa yake aliitupa uvunguni mwa meza, siku nyingi sasa.

"Na nyuma yako anakaa nani?" Mama Rangi alimwuliza.

"Binti yangu. Ananipangia ribiti."

"Yuko huko sasa hivi?"

"Yuko na mdogo wangu. Nimewaacha wanaendelea na kazi."

"Basi unasubiri nini hapa?"

Mgeni alitoka mbio, hata kuaga hakuaga.