Aliyekanwa Mbele ya Mtu wa Bima

Udi ulinukia nyumbani kwa Mwanapili siku ya Jumatatu, na yeye hakuwa amechoma udi. Alinusa leso yake, akanusa mto wa mumewe, akatoka mpaka uani akanusa upepo. Hamna. Ulikuwa unatoka chumba cha pili. Akasonya.

"Siku yako ni Alhamisi, mwanamke. Usinizidishie."

Kijiji kizima cha Munje kilikuwa kinajua. Mbwana, mpimaji wa mbata, nazi zilizokaushwa, kwenye ghala la Mhindi pale Msambweni, alikuwa na jini la kike tangu ujana wake, kabla hajamposa Mwanapili. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri aliingia chumba cha pili, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, chini kuna sahani ya marashi na yai bichi, akajifungia mpaka alasiri. Akitimiza, mzima wa afya. Akikosa, alianguka: macho yanageuka, povu linamtoka, viungo vinapapatika kama kuku wa kuchinjwa. Wanawake wengine wana wakewenza wa nyama na damu, hutukanana nao kisimani mpaka wakachoka wakacheka. Mwenziwe Mwanapili hakuwa na hata nywele za kushikwa.

Basi mwaka ule wa hamsini na saba, Mhindi akaleta mtu wa bima kutoka Mombasa, kijana wa Kigiriama aitwaye Karisa, suruali imenyooka kwa pasi. Utoe shilingi chache kila mwezi, ukifa mjane wako alipwe. Akapita nyumba za wafanyakazi, na kwa Mbwana akakaa ukumbini na karatasi zake, Mwanapili yuko nyuma ya pazia anasikiliza.

"Umewahi kuanguka ukazimia, Mzee Mbwana?"

Mbwana akatazama pazia. Pazia likakohoa.

"La."

"Kifafa? Moyo kwenda mbio? Maradhi yoyote?"

"La, alhamdulillahi."

"Wake wangapi?"

Pazia likakohoa mara mbili.

"Mmoja. Mwanapili binti Kibwana."

Chumba cha pili kitanda kikalia, kamba zikalalama kama mtu ameinuka kwa ghafla.

"Kuna mgonjwa?" akauliza Karisa.

"Paka," akajibu Mwanapili, naye anacheka peke yake nyuma ya nguo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza jina lake kuwekwa mahali bila ya mwenziwe.

Karisa alipokwenda zake, Mbwana alikuwa anatokwa na jasho.

"Sikusema uongo, ati. Kaniuliza maradhi. Kwani yule ni maradhi?"

"Yule si kitu," akasema Mwanapili. "Na usimtaje tena humu ndani."

Hakuteremsha sauti. Afadhali angeteremsha.

Alhamisi ilipofika alikuwa ameshaivua ile shuka nyeupe, ameifua, ameitandika kitandani kwake yeye. Lile yai akalikaanga, akalipakua kwenye sahani ile ile. Mbwana akasimama mlangoni pa chumba cha pili, mkono juu ya komeo.

"Mwanapili, niache niingie. Hata kidogo tu."

"Ingia, kisha mkaoane huko huko."

Hakuingia. Alianguka pale pale kizingitini, na tangu siku hiyo akawa anaanguka kila siku, jua likiwa la utosi, saa ile watu wamejificha ndani na hata kunguru hawalii. Mwanapili akaanza kukuta vitu. Kitana chake kimejaa nywele ndefu za mtu mwingine. Wanja wake umeisha. Siku moja anachota maji mtungini akaona nyuma ya uso wake uso wa pili, mzuri, mzuri wa kuudhi, unamtazama kama mtu anavyomtazama kijakazi aliyelalia kitanda cha bibi yake, na alipogeuka hakuna mtu ila udi, udi mzito unaokaa kooni, na kutoka ndani sauti ya Mbwana akibembelezwa kama mtoto.

Akapanda milima ya Kwale kumfuata Mama Jumwa, mganga mwenye kujua kusema na majini. Mama Jumwa akaja, akamfunika Mbwana shuka, akamfukizia. Jini likampanda. Mbwana akakaa kitako, akatengeneza nywele asizokuwa nazo, akasema kwa sauti ya kike:

"Miaka yote namlinda na jicho na nyoka, leo amenikana mbele ya mgeni, tena kwa wino. Sitaki mbuzi, sitaki ngoma. Namtaka huyu," kidole kikamwelekea Mwanapili, "amwambie yule yule mwenye karatasi kwamba Mbwana ana mke mwingine, na kwamba yeye mwenyewe ananitambua. Hadi Alhamisi. Akikataa, namchukua mtu wangu."

Likashuka.

"Kumtaja tu, mwanangu," Mama Jumwa akanong'ona. "Ulimi hauna mfupa."

"Nimwite mke? Kwa kinywa changu mimi?"

"Wamtaka mumeo au huna haja naye?"

"Namtaka, mama. Namtaka peke yangu."

Karisa akaitwa. Akaja Alhamisi, jua linachoma nje na mle ndani baridi ya kisimani. Mbwana amelazwa mkekani, pumzi zinahesabika. Mama Jumwa akambana Mwanapili mkono. Mwanapili akafungua kinywa, na udi ukamwingia kinywani, na mlango wa chumba cha pili ukafunguka ufa wa kidole kimoja, na yeye akamfikiria yule mle ndani amekaa kitandani miguu imening'inia, anangoja kutambuliwa kwa heshima kama bibi wa nyumba, na wivu ukampanda toka tumboni mpaka machoni ukaishinda hofu, ukalishinda hata pendo.

"Mume wangu ana... ana kifafa," akasema. "Anaanguka. Tulikuficha."

Karisa akashusha pumzi, akapiga mstari kwenye karatasi. "Pole, mama. Kampuni haitamchukua tena."

Chumba cha pili mtu akacheka, taratibu. Karisa hakuaga.

"Umefanya nini?" Mama Jumwa akauliza.

"Nimesema ugonjwa wake."

"Mwenzio alitaka umwite mke. Wewe umemwita kifafa."

Mbwana akainuka mkekani. Hana povu, hana tetemeko, ngozi inang'aa kama ya bwana harusi. Akampita Mwanapili kama anayepita nguzo, akaingia chumba cha pili, akatia komeo. Hakuanguka tena maisha yake.

Alasiri Mwanapili akagonga. Ndani maji yalikuwa yanamiminwa kwa kata, na mwanamke anaimba polepole. Mbwana akafungua kidogo, akamtazama kwa adabu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Karibu, mama," akasema. "Kama wamtaka bibi wa nyumba, anaoga. Kaa barazani umngoje."