Kamba ya Mdomoni

"Nani aliikata kamba yake?"

Bibi mmoja aliuliza hivyo, akiinyooshea kidole sanamu ya mti, siku jumba la makumbusho ya sanaa lilipowaalika wazee waje kutazama, nyuma ya vioo, vitu vilivyochukuliwa kwa babu zao. Mkurugenzi akakohoa, akawakaribisha chai. Chai! Shangazi husema mdomo wangu unaweza kugombanisha maiti na sanda yake, lakini siku ile alinifinya, nikanyamaza.

Aliyeikata ni shangazi mwenyewe. Ndiye fundi wao wa kukarabati. Sanamu ile ililetwa mdomo ukiwa umeshonwa kwa kamba. Wakubwa wakataka meno yaonekane.

Jioni moja nilimpelekea miwani aliyoisahau. Karakana yake iko chini ya kumbi. Harufu ya vanishi... na ndani yake, harufu ya bucha.

Ka.

Kama muwa unavunjwa.

Mlinzi alikuwa chali sakafuni, taya limeng'olewa, koo bado linakoroma. Shangazi alisimama mbele ya sanamu, mikono mbele. Hakuna aliyemshika. Kidole chake cha tatu kilikuwa kinapinda kinyume, taratibu... mfupa ukachomoza.

"Mwanangu," akanong'ona, "kamba. Droo ya pili."

Karakana ile haitupi kitu. Hata uzi hutiwa kwenye mfuko, ukapewa namba. Nikaipata. Nikaanza kuushona ule mdomo, tundu kwa tundu. Meno yalikuwa na joto.

Yalikuwa na mate.

Kila tundu nililoziba, mikono ya shangazi ililegea kidogo. Likabaki tundu moja.

Kamba haikufika.

"Shangazi, imepungua."

Alifumba macho. "Nilikata kipande. Nikakituma maabara, wakipime."

Ka.

Mkurugenzi ameandika kwamba ilikuwa ajali ya mashine. Mashine gani, ndani ya chumba cha brashi na pamba? Mlinzi tumemzika. Ukumbi umefunguliwa, watoto wa shule wanapanga foleni kuchungulia meno kwenye pengo lililobaki. Shangazi, aliyenilea kwa mikono ile, amebakiwa na vidole viwili vizima, na kila jioni nakishika kimoja kisipinde. Kina nguvu kunishinda.

Maabara wanasema kipande walishampa mtu, hawakumbuki nani.

Ni kamba ya kahawia, urefu wa vidole vitatu, ina kibandiko cha namba 417. Kama iko kwako, naomba uirudishe.