Pumzi za Mugenzi

Mukamana wa mtaa wa Batsinda alikuwa mjane wa miezi minane aliyesahau usingizi ni kitu gani. Binti yake Natacha, aliyekuwa akisoma chuo mjini Huye, alimtumia kwenye simu sauti ya mwalimu mmoja mwenye maneno laini: vuta hewa ukihesabu hadi nne, ibane, iachie taratibu, mwili utalegea wenyewe. Mukamana alicheka. Kupumua nako kunafundishwa? Lakini alijaribu, na siku hiyo alilala fofofo.

Siku ya tano, akiwa amebana pumzi, alisikia mtu akipumua kando yake. Kila pumzi iliisha kwa mluzi mwembamba. Pumu ile aliijua. Alikuwa amelala nayo miaka ishirini na miwili, mpaka ilipomuua mumewe, Mugenzi. Alipoachia hewa, sauti ile ikakoma. Alipobana, ikarudi.

Mwingine angekimbilia kwa padri. Mukamana alilia kwa furaha, na tusimcheke, maana upweke ni kitu kibaya sana. Akaanza kubana kwa sekunde thelathini, kisha arobaini, ili tu mumewe akae kidogo zaidi. Kero ilikuwa kelele za mtaa. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majirani walipotoka na majembe kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo hukosi bila kuulizwa, yeye alifunga mlango akajilaza kwenye mkeka. Barabarani hapakuwa na gari. Maduka yote yalikuwa yamefungwa.

Akavuta hewa. Akabana.

Pumzi zikaja, karibu kuliko siku zote. Mluzi ulikuwa umepungua. Kufika sekunde ya hamsini, haukuwepo kabisa. Mugenzi alipumua kwa shida mpaka siku ya mwisho. Huyu alihema kama mtu aliyekimbia umbali mrefu, na sasa amefika.

Ni wewe? Mukamana aliuliza moyoni.

"Usiachie," sauti ilimnong'oneza.

Haikuwa sauti ya Mugenzi.

Akataka kuachia hewa. Midomo ikagoma. Pua nayo ikagoma. Kifua kikawaka moto. Akilini akamwona Natacha akipigiwa simu huko Huye, hana baba, hana mama, na akajuta kupita kiasi. Masikio yakavuma. Kando yake, yule mtu akavuta hewa ndefu, ya raha.

Mlango ukapigwa kikumbo. Komeo likang'oka. Hewa ikamtoka Mukamana kwa kishindo, akakohoa, akavuta nyingine.

Alikuwa jirani yake Bertrand, mikono imejaa udongo. Alimketisha, akamletea maji.

"Mama Natacha, wamenituma nikuite umuganda. Nimegonga, ule mwanaume akanijibu."

"Mwanaume gani?"

"Ule iko humu ndani. Amesema nisubiri, eti umebakisha pumzi moja tu. Nikaogopa, nikasukuma mlango."

Wakatazamana. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, na ndani yake walikuwa wao wawili tu.

Mukamana alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akasita. Akanywa tena, kisha akakiweka chini polepole, machozi yakimtiririka. Mtu hawezi kumeza na kupumua kwa wakati mmoja, na kila alipomeza, kulikuwa na mtu akihema shingoni mwake.