Wisteria ya Ozella

Jua lilikuwa linazama katika kisiwa cha Edisto wakati Vernell alipobeba msumeno kwenda makaburini. Jirani yake Ozella alikuwa amepanda wisteria barazani kwake, mmea wa kutambaa, apate maua yake ya rangi ya zambarau. Ozella alipofariki nyumba ikabaki tupu, na mmea ukakosa wa kuupunguza. Ukatoka uani, ukavuka barabara, ukainyonga misonobari mmoja baada ya mwingine. Sasa ulikuwa umeukwea mwaloni uliofunika kaburi la Cephus, mume wa Vernell.

Akapiga magoti. Shina lilikuwa nene kama paja la mtu.

Krrr... krrr...

Harufu ikamjia. Tamu, nzito. Maua ya wisteria, yanayochanua Aprili... Novemba hii?

"Vernell..."

Msumeno ukasimama. Tangu utotoni mama yake alimkanya: sauti isiyo na mwenyewe haiitikiwi. Lakini tangu wamzike Cephus, nani tena alimwita kwa jina lake? Wanawe walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa za Krismasi tu.

"Abee," akaitika.

"Shoga yangu, ndiyo unanikata?" Sauti ya Ozella, na kile kicheko chake cha puani. "Huku baridi, mwenzangu. Nashika chochote ninachokipata. Kaa kidogo basi."

Vernell akakaa. Wakawasengenya wanakwaya, wakamcheka mchungaji na kofia yake, kama zamani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakujua ni saa ngapi kitu kilimzunguka kifundo cha mguu. Kikapanda gotini... polepole... kama mkono unaobembeleza.

Kisha, chini ya udongo, mtu akakohoa.

Kikohozi cha Cephus.

"Kata, Vernell."

"Usimsikilize," Ozella akanong'ona, na kile kitu kikambana paja.

"Kata!"

Akakata huku analia. Shina lilipokatika, mguno mrefu ukapita matawini. Akamwita Cephus. Akamwita Ozella.

Hakuna aliyejibu.

Asubuhi shemasi Isaiah alimkuta bado amekaa palepale, mguu umechubuka kuzunguka kama uliofungwa kamba.

"Umeuokoa mwaloni, dada Vernell," alisema, akimwinua. "Ila nisikudanganye. Mizizi ya wisteria imebaki. Utachipua tena mmea huu, na safari hii nadhani utaanzia uani kwako."

Alidhani amemvunja moyo. Akashangaa kumwona anatabasamu.

"Lini?" Vernell akauliza.