Risasi Ishirini za Rodrigue

Mambo ya mapenzi niulizeni mimi, sijakosea hata mara moja. Waliokosea ni wale waume zangu watatu walionikimbia. Basi tuyaache ya kwangu, tushike ya Nkatha.

Nkatha, nesi wa Quakers Hill huku ughaibuni, alikutana na Rodrigue mwaka wa kwanza wa korona, kwenye foleni ya uwanja wa shabaha ulipofunguliwa baada ya amri ya kukaa ndani. Binti ana koti jekundu na barakoa ya maua. Rodrigue, Mkongo mpakia mizigo wa Wetherill Park, anajisifia kimashine chake cha kupima mwendo wa risasi.

"Nilipiga tatu, dada. Zote mwendo moja."

"Tatu ni bahati," Nkatha akamwambia. "Piga ishirini, tafuta wastani, kisha uangalie kila moja imeuacha kwa kiasi gani. Risasi mvivu huangukia chini ya shabaha."

Akapiga ishirini. Zikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Wakacheka, wakapeana namba, na mwaka haukwisha kabla Nkatha hajawa chérie, yaani mpenzi wake.

Mwaka uliofuata wakafungiwa tena, kila mtu kwao. Wodini wagonjwa wakafurika, Nkatha akakosa hata nafasi ya kuchana nywele. Alikuwa amemwachia Rodrigue mafungu mawili ya risasi amchagulie lililo thabiti, la kwenda nalo kwenye mchujo wa timu ya shabaha. Walipofunguliwa, simu ikalia.

"Chukua ya boksi ya bluu, chérie. Nilipima ishirini. Hazitawanyike hata."

"Asante, mpenzi. Wewe ndio macho yangu."

Siku ya mchujo risasi mbili zikaangukia chini, na nafasi ya timu ikaenda nazo. Nkatha akaacha kupokea simu. Ndipo Rodrigue akamfuata kituo cha treni, suti imenyooka, pete mkononi.

"Bado umenuna?"

"Sijanuna. Hata fungu zuri huweza kutoa risasi mbovu. Kama ulipima ishirini kweli, hiyo ni bahati mbaya, na pete nitaivaa. Kama hukupima, nitaegemea nini kwako? Niambie, ulizipima lini?"

Moyoni alikuwa anamwombea ajibu vizuri.

Rodrigue akapata nguvu. "Mwezi wa nane. Walitufungia, hatuonane, miye niko kule uwanjani peke yangu. Kila risasi nawaza weye."



"Uwanja upi, Rodrigue? Ule uliokaa na kufuli mpaka mwezi wa kumi?"

Rodrigue akaipandisha barakoa, ikabakiza kope tu.