Gilbert na Hekima ya Kuazima

Asubuhi ya mvua, katika soko la Covent Garden jijini London, Damaris Cole alijikwaa kwenye gunia la kabichi, akaangukia kifuani kwa kijana aliyekuwa akitembea huku anasoma gazeti. Wakaanguka wote wawili, gauni la samawati la Damaris likawa tope tupu.

"Samahani, bibiye," kijana alisema. "Wema haupimwi na tope la njiani."

"Nani kasema hayo?"

"Mwandishi wetu, yule wa insha na tamthilia. Mimi Gilbert Pym, napanga herufi za kuchapia gazeti lake."

"Basi mwambie aje anifulie!"

Wakacheka, na kuanzia hapo kila Jumapili jioni walitembea bustanini. Siku hizo mji mzima uliongea kwa mdomo wa gazeti: lililosomwa asubuhi mgahawani penye kahawa, mchana lilikuwa hekima ya kila mwanamume. Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Gilbert, msomi wa watu, alijua kukikaba.

"Gilbert, mpenzi, unanipenda?"

"Fadhila ndiyo pambo la roho, malkia wangu."

"Hiyo ni ndiyo au siyo?"

"Mwenye busara haharakishi tunda."

Damaris alirudi nyumbani analia, hajui kapendwa au kakataliwa. Bwana Hatch, mgane muuza soksi, alikuwa amemwambia waziwazi, "Nakutaka." Kwa hasira akamkubali.

Mchungaji akatangaza ndoa yao kanisani Jumapili mbili. Ilibaki ya tatu, ya mwisho. Asubuhi ya Jumapili hiyo ya tatu ndipo Gilbert aliposikia habari, akakimbia hadi kanisani, wino mikononi, kofia kasahau.

"Mwenye kujua kizuizi aseme," mchungaji alitangaza.

"Mimi!"

"Kizuizi gani? Ana mume? Ni ndugu wa Bwana Hatch?"

Gilbert alitafuta msemo, hata mmoja haukuja.

"Sijui, Mchungaji. Nampenda tu. Silali, sili, kazini napanga herufi kichwa chini. Nampenda jamani!"

"Kupenda si kizuizi. Keti, kijana."

Kanisa zima likaangua kicheko. Gilbert akaketi, uso kauficha viganjani.

Damaris akasimama. Baba yake akamvuta mkono, akajinasua.

"Kizuizi ni mimi, Mchungaji. Bwana Hatch, nisamehe, sikutaki." Kisha akamgeukia Gilbert, machozi yanamtiririka. "Na wewe! Maneno yote hayo ulikuwa nayo, ukaninyima?"